Ndugu wa Konokono Mmoja

1

Mwaka ule Minza alifika wa mwisho, na sisi kina mama tukacheka.

Hatukucheka kwa ubaya. Siku ya Konokono ni siku ya kucheka. Watoto wote wa Nyamhela waliotibiwa kwa jozi hukusanyika nyuma ya zahanati, ambao jozi zao zilitoka kwa konokono mmoja hula sahani moja, kisha wote hukimbia kuupanda mwamba hadi kwenye bendera iliyo juu. Mbio ndiyo sherehe yenyewe. Mtoto wa selimundu hakimbii. Akikimbia, chembe zake za damu hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa, na mwili humuuma hadi anapoteza sauti ya kulia. Kila mama aliyesimama chini ya mwamba ule aliwahi kumbeba mtoto wake siku nzima kwa sababu akimlaza tu anapiga kelele. Kwa hiyo tukiwaona wanaparamia mawe, tunapiga vigelegele kabla hata hawajafika popote.

Minza wangu alikuwa na miaka kumi na minne. Miaka yote aliwashinda wasichana, na mwaka mmoja aliwashinda hata wavulana. Safari hii hata Sayi, mtoto wa miaka kumi mwenye miguu kama fito, alimpita.

"Mama Minza!" akaniita Mama Ndaki. "Mwanao kaota matiti, mbio zimeisha!"

"Afadhali matiti kuliko hicho kisharubu cha Ndaki," nikamjibu. "Kinakamata upepo."

Ndaki mwenyewe alikuwa amefika katikati ya kundi na kulala chali juu ya jiwe, anahema, mikono kifuani. Tukamcheka na yeye.

Ndaki, Sayi na Minza ni ndugu wa konokono mmoja. Kwetu hilo si neno la mzaha. Ndugu wa konokono hawaoani, hawanyimani chakula, na mmoja akiugua wengine wanahamia kwake. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ilianza tu yenyewe. Watoto watatu waliotumbukiza miguu kwa zamu kwenye beseni moja, wakaacha kulia wiki ileile, utawaambiaje kwamba si ndugu?

Minza alishuka kwa kukaa, jiwe hadi jiwe, kama mtoto anayejifunza ngazi. Sahani ya pilau ikawekwa katikati yao watatu. Hakunyoosha mkono.

"Huu mwamba umeongezeka," akasema.

"Mwamba hauongezeki. Umekuwa mvivu. Kula."

Akala matonge mawili ili kuniridhisha. Jioni alipovua viatu, niliona soksi zimechora mfereji kuzunguka miguu yake. Nikabonyeza kwa kidole juu ya kifundo. Shimo likabaki.

Hapo nikaacha kucheka.

2

Nafanya kazi kwenye chumba cha konokono, zahanati hiyohiyo. Nina diploma ya ufugaji wa samaki. Konokono si samaki, lakini nao wanataka maji safi, joto la kadiri na mtu asiyesahau. Nawalisha saladi iliyochemshwa. Mchana nawaweka chini ya taa kali, na miilini mwao hutoka watoto wa minyoo wenye mkia, wadogo kiasi kwamba maji yanaonekana matupu. Mtaalamu huchagua dume mmoja na jike mmoja kwa darubini na kuwatia kwenye beseni. Mtoto anatumbukiza mguu. Wanapenya ngozi, wanasafiri na damu hadi kwenye mishipa ya utumbo, wanakutana, na dume anamkunja jike ndani ya mwili wake kama mtu aliyejifunga kitenge na mtoto ndani. Wanakaa hivyo miaka ishirini, thelathini. Hiyo ndiyo jozi.

Mababu waliwafahamu minyoo hawa kwa jina la kichocho, na waliwazika watu wengi kwa ajili yao. Wa kwetu wamefugwa. Jike ni tasa. Na wote wawili wamebadilishwa ili watoe kitu kinachozuia chembe za damu zisijikunje. Kitu hicho ukikiweka kwenye kidonge kinaharibika, kwenye sindano hakimalizi saa. Ni lazima kitolewe ndani ya mshipa wenyewe, muda wote, na kiumbe hai. Ndiyo maana tukakubali mnyoo. Mzazi wa mtoto wa selimundu angekubali hata chatu.

Daktari Byabato alimpima Minza kwa altrasaundi, kwanza tumbo, kisha kifua. Ni mtu wa maneno mengi, anapenda kuwauliza watoto kama wameshapata wachumba. Siku ile hakuuliza.

"Mama Minza, kaa."

"Sema, Daktari. Nitakaa ukimaliza."

"Jike ameanza kutaga."

"Jike ni tasa."

"Alikuwa tasa. Dume amerudia tabia ya porini. Anampa ishara ya kukomaa, na jike ameisikia." Akageuza kioo ili nione. Ini la Minza lilikuwa na michirizi myeupe kandokando ya mishipa, kama mabomba ya udongo yaliyopigwa lipu. "Kila yai lina mwiba. Mengine yanatoka na choo, mengine yanasombwa na damu hadi kwenye ini. Mwili ukilikuta yai unalizungushia kovu. Kovu moja si kitu. Lakini anataga kila siku, na makovu yanabana mshipa. Damu ikizuiwa kwenye ini inatafuta vichochoro, na mayai yanapita nayo hadi mapafuni. Huko nako mishipa inakuwa minene, migumu. Moyo wake unasukuma damu kwenye mpira uliokanyagwa."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Ni vidonge vichache, vinywewe mara moja. Vinawaua wote wawili."

"Mpe."

"Wakifa, selimundu inarudi."

"Atapata jozi nyingine. Nina konokono ukuta mzima pale ndani."

Akatikisa kichwa. "Mwili ulioua jozi haupokei nyingine. Ukishaonja maiti zao unawatambua. Unawashambulia kwenye ngozi, hawafiki popote. Wenzetu wa upande wa pili wa ziwa wamejaribu."

Nikakaa.

"Asipokunywa?" nikauliza.

"Hataumwa. Atachoka tu, kila mwezi zaidi. Halafu siku moja moyo utakataa. Mwaka mmoja, labda miwili."

"Akinywa?"

"Wapo wanaozeeka na selimundu. Wapo wanaopata kiharusi kabla ya kuota ndevu. Siwezi kukwambia wako ni yupi."

"Wake anaitwa Minza," akasema Minza kutoka kitandani, gauni likiwa bado limekunjwa hadi kifuani. "Na yuko hapa."

Tukamgeukia wote wawili.

"Mimi sinywi," akasema.

3

Tulizungumza jikoni, nikiwa napara samaki. Mikono yangu ikiwa na kazi nasikiliza vizuri zaidi.

"Nipe sababu," nikamwambia. "Usiniambie unaogopa. Hiyo najua."

"Nakumbuka, Mama."

"Ulikuwa na miaka mitano. Unakumbuka nini?"

"Redio." Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, kwa sababu siku hizi alihitaji kuegemea. "Maumivu yakianza ulikuwa unafungua redio kwa sauti, majirani wasinisikie. Nilikuwa nalia na yule mtu anasoma taarifa ya habari. Mpaka leo nikisikia mlio ule wa saa ya habari, mifupa inaniuma. Na haiumi. Inakumbuka tu."

Niliendelea kupara. Magamba yaliruka hadi kwenye nywele zangu.

"Ukiwa mkubwa maumivu si yaleyale," nikasema. "Kuna dawa za maumivu. Utakunywa maji mengi, utavaa sweta, utajitunza. Utasoma, utaolewa ukitaka, usipotaka basi."

"Umewahi kuumwa hivyo?"

"Nimekuzaa."

"Hiyo ilikuwa siku moja."

Mtoto huyu alirithi kwangu nusu ya ugonjwa na ulimi wote. Nusu nyingine ya ugonjwa alipewa na baba yake, ambaye alifariki kabla Minza hajajua kutamka jina lake, kwa hiyo hata wa kugombana naye juu ya hilo sina.

"Miaka miwili bila maumivu," akasema. "Naenda shule, nacheka na Ndaki, nalala ninavyotaka. Halafu basi. Wewe unaona ni kidogo kwa sababu unahesabu ya kwako."

"Nahesabu ya kwako. Unataka kufa na miaka kumi na sita."

"Sitaki kufa. Sitaki kuumwa. Nani kakwambia ni kitu kimoja?"

"Minza, mwili ni wako. Lakini bado hujafika umri wa—"

"Wa kuamua. Najua. Ila wa kuumwa nimefika."

Akainuka aende chumbani. Ni hatua chache kutoka jikoni, lakini alisimama katikati, akashika mlango kama mtu aliyekumbuka jambo. Hakuwa amekumbuka jambo. Alikuwa anangoja pumzi.

4

Majike wa Sayi na Ndaki nao walikutwa wanataga, kwa kuwa madume wao walitoka kwa konokono yuleyule. Mama Sayi hakungoja. Wiki ileile aliyoambiwa, alimpa Sayi vidonge, akanipigia simu kunieleza kwamba imekwisha, mtoto anacheza, hajaona chochote. Aliongea haraka mno.

Maumivu yalimrudia Sayi kabla mwezi haujaisha. Tulienda kukaa naye, kama inavyotakiwa. Ndaki naye alikuja, akabeba ndizi, akasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono yake mirefu. Sayi alikuwa amejikunja kitandani, magoti yamegusa kidevu, anatoa sauti moja nyembamba isiyo na maneno. Mama yake alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na kila alipomgusa sauti ilipanda, na kila alipoacha ilipanda pia.

Minza alikaa sakafuni kando ya kitanda tangu asubuhi hadi jua likazama. Alishika kidole kimoja cha mguu wa Sayi, cha mwisho kabisa, kwa sababu ndicho pekee ambacho hakikuuma.

Baadaye likaja lile lingine. Asubuhi moja Sayi aliamka mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Daktari Byabato alimwongezea damu, akafanya yote yanayofanywa. Aliishi. Anatembea. Kikombe anakishika kwa kushoto, na akitaka kusema "maji" linakuja neno jingine, anakasirika, anakitupa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani siku ile, Minza aliniambia, "Umeona."

"Nimeona yuko hai."

"Ndiyo," akasema. "Mimi pia nimeona."

Nilijua hatukuona kitu kimoja.

5

Kina Ndaki waliamua kinyume. Walikaa baba, mama na yeye mwenyewe, wakamwachia. Ndaki akasema anataka kumaliza mashindano ya shule, na kwa kuwa mbio zilimshinda, akahamia golini. Alikuwa kipa mbaya sana. Nilikwenda kumwangalia mara moja. Alifungwa magoli sita na kila goli aliinamia watazamaji kama mtu aliyetuzwa. Minza alicheka hadi akakohoa, hadi nikamwinamisha kichwa magotini.

Alikufa kwenye mazoezi. Walisema aliketi chini, akaegemea mlingoti wa goli, akainua mkono kuomba dakika. Wenzake wakampa dakika. Wakaendelea kucheza upande wa pili.

Kwenye maziko, ndugu wa konokono hutupa udongo kabla ya ndugu wa damu. Walibaki wawili. Sayi alitupa kwa mkono wa kushoto. Minza aliinama, akachukua udongo, akashindwa kunyanyuka. Nikamshika kwapani na kumsimamisha. Alikuwa mzito wa maji, tumbo limeanza kujaa chini ya gauni jeusi, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu.

Mama Ndaki, yule wa utani, alikuwa ameketi kwenye mkeka, khanga imemteleza kichwani. Nikaketi karibu naye.

"Asubuhi alikula ndizi," akaniambia. "Akaacha ganda mezani. Nikamfokea. Nikamwambia nani mtumishi wako humu ndani."

"Kila mtu anafokewa, shoga."

"Hakulia hata siku moja, Mama Minza. Tangu jozi ilipoingia, hata siku moja." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. "Sasa nimshukuru Mungu?"

Nilikuwa namwangalia mwanangu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, anavuta hewa kwa mabega.

Kesho yake nilikwenda kwa Daktari Byabato.

"Nipe vidonge."

"Amekubali?"

"Hajakubali."

Akaweka kalamu chini. "Mama Minza, mimi simshiki msichana wa miaka kumi na minne nikamfungua kinywa. Ana akili timamu. Ameelezwa, ameelewa, ameona mambo yote mawili kwa macho yake. Amekataa. Hiyo nami naiheshimu."

"Heshimu tu. Sijakuomba umshike."

"Atakuchukia."

"Na awe hai anichukie. Nipe vidonge, Daktari, au nitoke niende wilayani nikavitafute, nipoteze siku mbili ambazo hana."

Akafungua kabati.

"Ale kwanza," akasema, huku hanitazami. "Ale ashibe. Tumbo tupu atavitapika."

6

Nilipika sato wa karanga, ugali, mchicha na maharage pembeni. Ilikuwa mchana wa Jumamosi. Nilikuwa nimefikiria kuvisaga vidonge nikavichanganya kwenye mchuzi. Nilivitoa kabisa kwenye pakiti, nikashika na mchi. Nikaacha. Si kwa sababu ya wema. Vile vidonge ni vichungu, angeonja, asingemaliza, na nusu ya dawa ni mbaya kuliko kukosa dawa. Na tena sikutaka aogope chakula changu maisha yake yote.

Minza aliketi mezani, akaangalia sufuria, akaangalia bakuli la pili.

"Chakula chote hiki nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja."

Ni mtoto wa zahanati huyu. Amekulia kwenye chumba cha konokono, amewaona watoto wa shule wakipewa uji mzito kabla ya dawa za minyoo kila mwaka. Akaangalia tena sahani yake. Akaweka tonge la nne chini.

"Viko wapi?"

Nikavitoa mfukoni mwa gauni, nikaviweka mezani juu ya kitambaa safi. Vyeupe, virefu, vya kawaida kabisa.

"Kula kwanza," nikasema.

"Nilishakwambia."

"Uliniambia. Nilikusikia. Nimekataa."

"Ni mwili wangu!"

"Ni wako. Na ukiwa na miaka thelathini utakuja kunitukana nao, nitakukaribisha ndani, nitakupa kiti. Kula."

"Nikikataa?"

"Nitakushika."

"Utanishika kwa nguvu. Wewe. Mama yangu."

"Mimi, mama yako. Na wewe huna pumzi ya kupigana nami, Minza. Unajua huna."

Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Kisha akasimama, kiti kikaanguka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilizima jiko kwanza. Nikafunika sufuria. Nikavichukua vidonge, nikajaza chupa ya maji, nikatoka.

Nyuma ya nyumba yetu kuna njia inayopanda kati ya mawe hadi kwenye tanki la maji la mtaa. Alikuwa anakimbia. Alikimbia vizuri, mgongo umenyooka, magoti juu, hivyohivyo alivyokuwa akiwaacha wenzake wote. Mara akaacha kukimbia akawa anatembea. Mara akasimama, mikono magotini. Akageuka, akaniona nakuja, akapanda tena kidogo, akasimama.

Mimi sikukimbia. Hakukuwa na haja, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kumfanyia mtu. Nilitembea nyuma yake kwa mwendo wa mwanamke anayekwenda sokoni. Kila nilipomkaribia alijikokota hatua chache, na mimi nikasimama nikamsubiri amalize, kisha nikatembea tena. Jirani yetu alikuwa anaanika nguo. Akasema, "Shikamoo Mama Minza, mnakwenda wapi na jua hili?" Nikamjibu marahaba, tunanyoosha miguu.

Alifika kwenye tanki akaegemea zege, akateleza hadi chini. Midomo imekuwa ya bluu. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka kama kitu kinachotaka kutoka. Nikaketi karibu naye kwenye vumbi. Tukakaa hadi pumzi yake ilipotulia.

"Umekula matonge matatu," nikasema. "Yatatosha."

Nikafungua kiganja. Nikafungua chupa kwa meno. Mkono wangu wa pili nilikuwa tayari nimeuweka nyuma ya shingo yake, na aliuhisi, na nilijua ameuhisi.

Akachukua kidonge cha kwanza mwenyewe. Akakimeza macho yakitazama ziwa kule chini. Akachukua kingine. Alivimaliza vyote hivyo, kimoja kimoja, bila kukunja uso kwa uchungu, bila kunitazama. Akanirudishia chupa. Nilipotaka kumnyanyua akaondoa mkono wangu begani, taratibu, kama unavyomwondoa mdudu ambaye hutaki kumuua. Akateremka peke yake. Ilimchukua mchana mzima.

7

Jozi ilikufa. Daktari Byabato alitafuta mayai kwenye choo chake wiki baada ya wiki hadi akayakosa. Maji yakapungua miguuni. Makovu ya ini hayakuondoka na hayataondoka, lakini mishipa ya mapafuni ililegea kidogo, na moyo ukaacha kupiga kama mlango unaogongwa. Daktari alinionyesha kwenye kioo, akafurahi, akamuuliza Minza kama ameshapata mchumba. Minza akamwambia apime haraka, ana somo la hesabu.

Mimi alinisemesha yanayolazimika. Chumvi iko wapi. Nimerudi. Nimetoka. Shikamoo asubuhi, hata siku moja hakuiacha, na ilikuwa baridi kuliko maji ya mtungini. Nilimfumia sweta mbili. Alizivaa kwa sababu ana akili.

Mvua za vuli zilikuja na baridi yake. Alikuwa anajiandaa kwenda shule, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Nikasikia soksi haivaliwi. Sijui nasemaje vingine: nilisikia kimya cha mtu aliyeacha kuvaa soksi. Nilipofika chumbani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho yametoka, anasikiliza kitu ndani ya mapaja yake.

"Mama," akasema. Mara ya kwanza baada ya miezi.

Nikamlaza. Nikampa dawa ya maji ya maumivu, ile kali, nikamfunika blanketi mbili, nikaweka maji motoni. Dawa inachukua muda na maumivu hayachukui. Yalipanda kutoka mapajani hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi mgongoni, na mwanangu akajikunja, magoti kidevuni, vilevile alivyojikunja Sayi.

Nilipomgusa alisema, "Usiniguse." Nilipoinuka nilete kitambaa alisema, "Unakwenda wapi?"

Nikapiga magoti sakafuni, uso wangu sawa na wake.

"Nani alifanya hivi?" akauliza kati ya meno.

"Mimi."

"Sema tena."

"Mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyefanya."

Likaja wimbi jingine. Akatoa mkono chini ya blanketi, akaushika wangu, akaubana hadi mifupa ikalia. Ina nguvu sasa, mikono ile.

"Nani?"

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi."

Mvua ikaongezeka juu ya bati. Hakuwa ananiuliza tena. Alikuwa anashika neno lile kama unavyoshika kamba, na kazi yangu ilikuwa kutoiachia upande wangu. Macho yake yalikuwa machoni mwangu, karibu sana, yamejaa chuki na kitu kingine, na midomo yake ilikuwa na rangi yake ya kuzaliwa.

"Nani?" akasema.

"Mimi."

Akavuta pumzi, ndefu, ikaingia yote hadi chini, na akapiga kelele.